Hodi Tatu Upande wa Bi Taipu

Kabla ya kuingia upande wa pili wa kompyuta ya mtu, Mwalimu alibisha hodi. Wala hakubisha kimoyomoyo. Aligonga ukingo wa meza kwa kifundo cha kidole na kusema kwa sauti ya kusikika uchochoroni, "Hodi. Hodi. Hodi hapa." Mteja mgeni aligeuka kutazama pazia, akidhani kuna mtu anavaa nguo. Sisi wanafunzi wake tulikuwa tumeshazoea. Leo mimi ni karani wa masijala Kilifi, nina kitambulisho shingoni na meza yangu mwenyewe, na bado hujikuta nikigonga meza kabla ya kufungua faili la mtu. Wenzangu wananiona nina walakini kichwani, lakini hawakumwona aliyenifunza.

Duka lake lilikuwa Malindi, mji wa kale, chumba kimoja chenye kibao cha TAIPU, CHAPA NA MAFUNZO. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na alivaa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ambazo stima haikuwapo, jambo ambalo hatukupata kulielewa. Mimi nilifika pale kutoka Kaloleni, na cheti cha kidato cha nne ambacho mama yangu alikihifadhi chini ya godoro, si kwa thamani yake bali kwa aibu. Nilimsalimu, "Shikamoo Mwalimu." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Mikono nyuma."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na kwa wiki nzima hapakuwa na lingine. Tulisimama mbele ya skrini na mikono mgongoni, tukisoma kila neno lililoandikwa kabla ya kugusa chochote. Aliamini kwamba balaa zote za kompyuta huanzia vidoleni mwa mtu ambaye macho yake hayajafika. "Tazama kwanza," alisema. "Kutazama hakujavunja kitu cha mtu." Kauli hiyo niikumbuke mimi na uikumbuke wewe, maana baadaye nilitamani kumrudishia usoni.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kuokoa vitu vya watu. Mtu aliletewa balaa na Windows yake, imekataa kuwaka asubuhi ya siku anayoihitaji, na ndani yake mna picha za harusi au ripoti ya shule. Mwalimu alichomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akaiwasha mashine kwa hiyo, kisha akapitia humo hadi kwenye vitu vya Windows na kuvitoa kimoja kimoja. Alitueleza hivi: "Diski ni nyumba iliyokatwa ukuta kati. Huku akaa Windows, huku aweza kukaa Linux. Kila mmoja ana mlango wake wa mbele. Lakini Linux ana na mlango wa kati, aweza kupita akaona vyombo vya mwenzake. Windows hawezi kuja huku, hata hajui kama ana jirani. Sasa baina ya hawa wawili, nani apaswa kuwa na adabu?"

Tuliitika kwa pamoja kwamba ni mwenye mlango wa kati.

"Basi msinitie aibu."

Jambo lililomkera kuliko yote ni kompyuta iliyolazwa badala ya kuzimwa. Windows ikizimwa vizuri, alisema, mwenye chumba ametoka, waingia, wapanga, watoka. Ikilazwa, mwenyewe yumo ndani, amesinzia na kazi mkononi. Kila alichokuwa akikiandika kimeshikwa vilevile ndani ya diski, hata stima ikikatika, na siku akiamshwa ataendelea pale pale. Kwa hiyo Linux huruhusiwa kuchungulia na kunakili tu, si kuandika wala kuhamisha kitu. Kuna amri moja ya kuingia kwa nguvu, lakini ukiitumia, kile alichokishika mwenye kulala kinapotea moja kwa moja. Amri hiyo Mwalimu alikuwa ameiandika kwa kalamu nyekundu katika daftari lake, kisha akaubana ukurasa ule kwa stepla pande nne.

Siku moja alikuja karani wa hoteli fulani ya Kikambala, jasho linamtoka, na bosi wake, meneja wa hoteli, nyuma yake. Walitaka orodha ya vyakula vya karamu ya siku ile. Kompyuta ilikuwa imelazwa, na karani alidai imegoma kabisa kuamka. Mwalimu akabisha hodi zake, akaingia kwa mlango wa kati, akainakili orodha. Ingeishia hapo. Lakini bosi alitaka mashine yenyewe iamke aione kwa macho, na karani akawa anasema hapana, haifai, itaungua, kwa bidii ambayo hata mimi niliishuku. Mwalimu akaiwasha kwa mlango wa mbele. Ikaamka bila shida yoyote, na iliyojitokeza si orodha ya vyakula bali barua ya kuacha kazi, imeandikwa nusu, ikiishia maneno haya: "na zaidi ya hayo, huyo meneja wenu anakula kwa sauti kama".

Bosi aliisoma mara mbili. "Kama nini?" akauliza.

"Sijafika hapo, bosi," karani akasema.

Kila mwaka Mwalimu aliwasimulia wanafunzi wapya kisa hicho, na kila mwaka alikifunga kwa onyo lile lile kwamba usilaze kazi usiyotaka iamke. Mkewe alikuwa akipita na sinia la kahawa, akasema, "Asemaye ni yeye ambaye kuzima kompyuta nimemfunza mimi."

Mkewe tulimwita Bi Taipu. Alikuwa katibu muhtasi maisha yake yote, na alipiga taipu huku akikutazama usoni na kukuuliza habari za nyumbani, vidole vikienda peke yao. Mwalimu aliwaambia watu kwamba kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kitabu. Bi Taipu alimwacha amalize, kisha akasema, "Kitabu hicho kilivaa buibui." Mwalimu alijifanya hakusikia. Ni mtu ambaye angekubali kosa la hesabu mbele ya darasa zima, lakini hilo hakulikubali hata siku moja.

Walikuwa na laptopu moja kwa watu wawili wenye misimamo. Upande mmoja Windows ya Bi Taipu, upande mwingine Linux ya Mwalimu. Ukiiwasha, ilitoa sekunde kumi za kuchagua, na nimewaona wazee wale wawili, wenye wajukuu, wakigombea kitufe cha mshale kama watoto wanaogombea ukoko. Bi Taipu aliitia Windows yake Kiswahili. Mwalimu alisimama nyuma yake akikosoa kila neno la mashine: hili si fasaha, hili la bara, hili hata halijazaliwa. "Nenda kwako kwenye Kiingereza chako," Bi Taipu alimjibu, na ilikuwa kweli. Mtetezi mkuu wa Kiswahili fasaha mjini Malindi, upande wake wote ulikuwa Kiingereza kitupu.

Tena Bi Taipu hakuzima. Alilaza. Aliinuka katikati ya sentensi kwenda kutazama sufuria, akailaza, akarudi kesho yake na kuendelea na neno lilelile. Mwalimu alilalamika mbele yetu kwamba ana mke asiyemaliza sentensi. Siku chache ambazo alizima, Mwalimu alipata nafasi, na siku moja akaitumia vibaya. Alipita mlango wa kati, akakuta mafaili ya mkewe yamezagaa, akayapanga kwa alfabeti, kwa nia njema kabisa. Bi Taipu alikosa barua za miaka mitatu. Alikuja dukani akasimama mlangoni, hakupandisha sauti, na hapo ndipo tulipoogopa.

"Kuanzia leo," alisema, "ukija upande wangu ubishe hodi. Tatu. Nisipoitika, urudi."

Mwalimu angeweza kucheka yakaisha. Badala yake alianza kesho yake, na hakuacha tena, kwa kompyuta ya mkewe na ya kila mtu.

Alikuwa pia na kanuni ya nakala tatu, na watu walikuja kutoka mbali kuisikia. Nakala moja ikae kwako. Ya pili kwa jirani mnayesikizana naye. Ya tatu kwa jirani mliyekosana naye. "Huyo wa tatu ndiye wa kutegemewa," alisema. "Rafiki atapoteza, atasema tusameheane. Mliyekosana naye ataitunza, asije akaambiwa ameiba." Yeye mwenyewe jirani wa kukosana naye alikuwa tayari: kinyozi wa ukuta wa pili, mtu wa bara, mpole, ambaye feni yake ilipeperusha nywele hadi ndani ya mashine za Mwalimu. Siku moja Mwalimu aliifungua kompyuta ya mteja akatoa nywele za kutosha kumrudishia mtu mwenye upara ujana wake. Akazipeleka kwa kinyozi kwenye bahasha. Tangu hapo hawakusalimiana ila kwa kupitia kwangu. "Mwambie jirani yako apunguze redio." "Mwambie mzee tayari nimepunguza." Walikuwa wamesimama hatua tatu tu baina yao.

Bi Taipu alikuja hospitali ya Kilifi kwa jambo la siku tatu. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi huko, nikawa nampelekea uji saa ya chakula cha mchana. Siku ya pili aliniambia, "Mwambie Mwalimu nimemwandikia maelezo kwenye kompyuta. Sijayamaliza, nimeyalaza. Nikirudi nitamalizia." Alisema kwa wepesi, kama mtu aliyeacha nguo kambani. Hakurudi.

Ujumbe niliufikisha baada ya maziko, watu walipopungua. Mwalimu akauliza, "Amesema ameyalaza?"

"Ndivyo alivyosema."

Naye alijua kuliko mtu yeyote maana yake. Maneno ya mwisho ya mkewe yalikuwa yamelala ndani ya mashine ile, mengine huenda hayakuhifadhiwa. Akiamsha upande ule, utataka neno la siri, naye hakulijua. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa siku nyingi, hivyo stima ikikatika kidogo tu wakati mashine imeamka, basi. Na kuingia kwa nguvu ndiyo ile amri ya kalamu nyekundu. Mlango uliokuwa salama ulikuwa mmoja, mlango wa kati, kutazama tu mikono nyuma, jambo alilotufunza miaka yote. Kutazama hakujavunja kitu cha mtu.

Hakutazama. Kila Ijumaa baada ya sala aliiwasha laptopu upande wake, akakaa mbele ya mlango wa kati, akagonga meza mara tatu, akangoja. Kisha akazima. Nilipomuuliza, alisema, "Nimebisha. Hakuitika. Nimerudi." Ijumaa hizo zilitimia miaka minne. Mtu wa nakala tatu hakuwa na nakala hata moja ya kitu hicho kimoja.

Niseme kweli, nilimkasirikia. Nilibeba ujumbe wa marehemu kutoka kitandani kwake, na mwenye kuandikiwa akaufanya mlango wa kusimama mbele yake. Nilipunguza kwenda Malindi. Nilimpigia simu sikukuu tu, tukazungumzia mvua.

Mwaka huu akanipigia yeye. "Inakohoa," alisema. Hakuniambia nini. Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni pake.

Amekonda, lakini kanzu imenyooka vilevile. Laptopu ilikuwa mezani chini ya kitambaa cha kufuma alichokifuma Bi Taipu, na chini ya kitambaa diski ilikuwa inagonga, tik, tik, inanyamaza, tik. Yeyote aliyefanya kazi ile anaujua mlio huo. Diski ya namna hiyo inaweza kuishi mwezi, inaweza kuishi hadi adhuhuri.

"Mwalimu, ikifa hii, hakutakuwa na mlango wa kubisha."

"Najua."

"Sasa umeniita nifanye nini?"

Alikunja kitambaa, akakikunja tena, kikawa kidogo kama leso ya mfukoni. "Fungua wewe. Mimi nitageuka."

Akageuza kiti, akaelekea ukutani, mikono nyuma. Mimi nikagonga meza mara tatu, maana kazi hiyo hata kwa hasira haifanywi bila adabu. Kisha nikaandika amri ya kuufungua upande wa Bi Taipu kwa kutazama tu. Mlango wa kati hauulizi neno la siri. Ukafunguka mara moja, na nikasikia uchungu kuona ulivyokuwa mwepesi. Nikanakili kila kitu kwenye flashi kwanza, huku diski ikigonga na mimi nikiomba. Faili la karibuni kabisa liliitwa MAELEZO YA SIKU TATU.

"Lisome," alisema kwa ukuta.

Nikasoma. "Mwalimu, haya ni maelezo ya kuishi siku tatu bila mimi. Moja. Gesi hufungwa kwa mkono, si kwa kuikumbuka. Mbili. Samaki wako ni wa mfuko wa buluu. Wa mfuko mweusi ni wa paka, na usinambie tena kwamba hukuona tofauti. Tatu. Kanzu za Ijumaa zimepigwa pasi tano, ziko nyuma ya mlango, kwa hiyo usiwaringie watu. Nne. Najua utataka kuingia upande wangu na najua utasimama mlangoni kama mgeni. Neno la siri ni hili."

Nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?"

"Mwalimu, hili siwezi kulisoma. Njoo ulisome mwenyewe."

Akageuka, akainama kwenye skrini. Neno lenyewe sitaliandika hapa. Ni refu, linahusu sura ya mtu fulani akiwa usingizini, na hakuna mwanafunzi wake aliyestahili kuliona. Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikanyoosha mkono, kumbe anacheka. Kisha akawa anafanya yote mawili na mimi nikamsaidia.

Ufunguo ulikuwa humo ndani miaka minne, mahali ambapo angeuona kwa kutazama tu. Hakulisema hilo, nami sikulisema, ingawa lawama ya kutotazama nilikuja nayo mdomoni kutoka Kilifi.

Nakala iliyohifadhiwa iliishia nambari sita. Yaliyobaki yalikuwa yamelala. Na stima, asubuhi ile, ilikuwa inakuja na kuondoka.

"Jirani ana betri ya sola," nikasema.

"Najua ana nini."

Alisimama kidogo mlangoni pake, akavuta pumzi, akazitembea zile hatua tatu, laptopu kifuani. Mimi nyuma na waya. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

"Hodi," Mwalimu akasema.

Kinyozi akashusha mashine ya kunyolea. "Mzee? Kuna shida?"

"Nimekuja kukuomba umeme. Ni maneno ya mke wangu."

Mtu yule hakuuliza maneno gani. Alizima mashine ya kunyolea, akazima redio, akazima na ile feni yenyewe, ili betri yote iwe yetu. "Ingia, Mwalimu. Ingia tu." Mteja akaambiwa angoje, naye akangoja na nusu kichwa chake.

Tukaiweka kwenye kaunta kati ya brashi na poda. Zikaja zile sekunde kumi za kuchagua, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kugombea naye. Mwalimu akabonyeza mshale hadi upande wa Bi Taipu. Skrini ikawa nyeusi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Diski ikagonga. Kisha ikataka neno la siri.

"Geukeni," akaamuru. Tukageuka sote, kinyozi, mimi, na mteja na kiti chake. Lakini kwa kinyozi kugeuka hakusaidii. Kuna vioo pande mbili, vinavyotazamana ili mtu aone kisogo chake, na katika kile cha pili maandishi hurudi kuwa sawa. Nilimwona akiandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akitikisa kichwa kwa neno lenyewe. Akabonyeza. Na katikati ya skrini likatokea neno moja jeupe, la Kiswahili kile alichokuwa akikikosoa: Karibu.

Mwalimu akavua ndara zake, moja baada ya nyingine, akazisukuma pembeni kwa mguu, akakaa miguu mitupu juu ya nywele za watu.

Alisoma peke yake. Hatukugeuka hadi alipozungumza.

"Ameishia kumi na moja."

"Yasemaje, Mwalimu?"

"Yasema nikimaliza kusoma nizime vizuri, nisiilaze kama yeye, maana..." Akagusa mwisho wa mstari kwa kidole. "Hapo akainuka. Nadhani ndipo lilipokuja gari la kumpeleka Kilifi."

Akapangusa miwani kwa kanzu. "Mwanangu, upande huu huhifadhiwaje? Sijui."

Nikamwonyesha. Tukatoa nakala kwenye flashi tatu. Moja akaitia mfukoni, moja akanipa mimi, ya tatu akaitazama, akamnyooshea kinyozi. Kinyozi aliipokea kwa mikono miwili.

Ikabaki kuzima. Mwalimu akaupeleka mshale hadi kwenye neno la kuzima, ukakaa hapo. Nikangoja abonyeze, maana maisha yake yote alikuwa akitupigia kelele kwa jambo hilo hilo. Akauteremsha mshale mstari mmoja, akailaza, na barua ikiwa wazi pale pale ilipoachwa.

"Mwalimu, hujazima."

"Najua," alisema, akiinama kutafuta ndara zake.